Niliuza laptopu ya mkopo wa chama, na sijutii

Wasee, kuna swali moja naulizwa kila wiki: nataka kuanza kuchunga seva, ninunue mashine gani? Na karibu kila mara swali linakuja na picha. Laptopu ya gemu, kibodi inawaka rangi saba kama matatu ya Rongai. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo najibu wote, ila jibu langu lina hadithi, na ndani ya hadithi yuko mathe, kwa hivyo someni kwa heshima.

Kazi yangu ni hiyo, kuchunga seva za watu. Wateja wangu ni wadogo wadogo: duka la jumla, shule mbili, jamaa mmoja wa kuuza vipuri. Hakuna hata mmoja aliye mtaa wangu. Mimi niko kwa keja yangu Kahawa West, wao wako Machakos na Eldoret, na seva zingine tumekodisha Ujerumani, mahali sijawahi kukanyaga. Nafungua terminali, naandika amri, mashine iliyo mbali inatii. Ikikataa kutii, hapo ndipo nalipwa.

Nilipopata mteja wa kwanza wa maana, nilimwambia mathe nahitaji laptopu ya kazi. Shilingi 120,000. Kadi ya michoro ya nguvu, RAM ya GB 32, feni mbili zenye sauti ya ndege ikiondoka Wilson. Nitakuwa mkweli hapa kwa sababu yeye hasomi hizi: kazi ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ilikuwa gemu ya mpira na kuonekana. Mathe anauza mayai na mboga sokoni, na yuko kwa chama cha wamama kumi na wawili. Akachukua mkopo kwa jina lake. Wale wamama wengine wakamdhamini. Nilienda mjini na hiyo doo imefungwa kwa leso yake, nikarudi na boksi.

Sasa, kitu ambacho ningepaswa kujua kabla ya hiyo safari ni hiki. Ukiwa unaendesha seva kwa mbali, kazi yenyewe haifanyiki kwa mashine iliyo mbele yako. Inafanyika kule. Unachotuma ni herufi, unachopokea ni herufi, basi. SSH, ile programu karibu sote tunaingilia nayo, ilitengenezwa 1995 na Mfini anaitwa Tatu Ylönen, pale Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya mtu kunasa nywila za watu kwenye mtandao wa chuo. Fikiria kompyuta za 1995. Simu yako yenye skrini imepasuka ina nguvu kuziliko mara nyingi sana, na hizo kompyuta ziliendesha SSH bila shida. Kwa hivyo ile kadi yangu ya michoro ilikuwa inafanya nini nikiandika amri za kuenda Eldoret? Ilikuwa inapasha meza joto.

Miezi minane ikapita vizuri. Halafu ikaja ile Alhamisi.

Yule mteja wa Eldoret ana duka la jumla la chakula cha mifugo na dawa za kilimo. Seva yake ni ya mtumba, iko chumba cha nyuma kati ya magunia, na programu ya mauzo yote iko ndani yake. Mashine za makeshia zinaiuliza bei na kuirekodia kila kitu. Ikilala, duka halijui hata lina magunia mangapi. Mimi usiku huo nikaamua kuwasha fayawoli, kazi ndogo tu. Utaratibu unajulikana na kila mtu: kwanza unafungua poti 22 ya SSH, unafungua na ile ya programu ya duka, halafu ndiyo unawasha. Mimi nilikuwa nimechoka, nimekula nusu chapati, nikawasha kwanza. Na ile programu iliniuliza kabisa, ikaniambia hii amri inaweza kukata miunganisho ya SSH, uendelee? Nikabonyeza y. Kidole kina haraka yake.

Mbaya zaidi, haikunikata papo hapo. Muunganisho uliokuwa wazi tayari ukaendelea kufanya kazi, nikaona mambo ni fiti, nikafunga terminali, nikamalizia chapati. Nikirudi kuingia, kimya. Hakuna hata kosa. Inangoja tu, inangoja, halafu inaniambia muda umeisha. Nilijaribu mara kama ishirini. Unajua vile unajaribu kitu mara ya ishirini ukijua kabisa haitafanya? Hivyo.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wakulima wanalipwa maziwa, wanakuja kununua. Nikampigia mzee mwenye duka saa nne usiku, nikamwambia, "Mzee, niko njiani nakuja." Akauliza kama kuna mtu amekufa.

Nikapanda basi la usiku na laptopu yangu kwa mgongo, kilo mbili na nusu, na chaja yake ambayo peke yake ni kama tofali. Nilitaka kusoma soma vitu njiani, nijipange. Betri ilikufa kabla ya Gilgil. Ile tundu ya kuchajia simu kwa kiti cha basi haingeweza kuichaji hata kwa maombi, inataka umeme mwingi mno. Kwa hivyo kutoka Gilgil hadi Eldoret nilikuwa nimekumbatia mashine ya 120,000 isiyo na faida kushinda mto wa kulalia.

Saa kumi na mbili asubuhi mzee akafungua. Chumba cha nyuma, seva inawaka taa zake vizuri, haina habari. Haina skrini wala kibodi, kwa sababu nani huwekea seva skrini? Kwa ukuta wa duka kuna TV kubwa. Nikafurahi. Lakini TV ina HDMI tu na seva ina VGA tu, ile tundu ya zamani yenye pini kumi na tano. Tukang'oa monita ya keshia mmoja, tukang'oa na kibodi yake. Nikaandika nywila. Ikakataa. Nikaandika tena polepole. Ikakataa. Jasho likaanza. Kumbe ile kibodi ilikuwa ya mtumba kutoka Uingereza, na kwa kibodi za Uingereza alama ya @ na ile ya kunukuu zimebadilishana nafasi ukilinganisha na za Marekani. Seva ilikuwa imepangwa ya Marekani. Nywila yangu ilikuwa na @ katikati. Nilipoacha kuangalia kilichochapishwa kwa kitufe nikafuata vidole vyangu, nikaingia. Amri moja ya kuzima fayawoli. Herufi kumi na moja ukihesabu na nafasi.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, mzee."

Akaangalia ile laptopu yangu imelala juu ya gunia la dairy meal, imezima. "Na hiyo kubwa ni ya nini?"

Hakuwa ananitania. Alikuwa anauliza tu, vile mtu wa duka huuliza bidhaa ni ya nini. Na sikuwa na jibu. Nimekuwa nikitafuta jibu tangu siku hiyo, na hii makala ndiyo nililopata.

Mnakumbuka Oktoba 4, 2021? Jumatatu jioni, WhatsApp ikazima, Facebook na Instagram pia, dunia nzima, karibu saa sita. Watu walikuwa wanazima na kuwasha simu, wengine wakilaumu bando. Kilichotokea ni kwamba wahandisi wa Facebook walikuwa kwa matengenezo ya kawaida, amri ikatumwa ya kupima uwezo wa mtandao wao wa ndani, na ile amri ikakata miunganisho yote ya vituo vyao. Kulikuwa na programu ya kukagua amri kama hizo, nayo ikawa na hitilafu, ikaiachilia. Wakajikuta hawawezi kuingia kwa mbali. Njia yao ya kawaida imekufa, na ile ya dharura pia imekufa. Ikabidi watu watumwe kwa miguu yao hadi kwenye vituo, na vituo hivyo vimejengwa makusudi viwe vigumu kuingia. Mimi nikisoma maelezo yao nilikuwa nacheka peke yangu kwa keja. Hao ni wao, na laptopu za bei gani sijui. Basi la Eldoret halichagui abiria.

Kwa hivyo swali la "ninunue mashine gani" limekaa vibaya kutoka mwanzo. Kuna mashine mbili: ya upande wako na ya upande wa seva. Sote tunawaza ile ya upande wetu kwa sababu ndiyo watu wanaona kwa kahawa. Mimi nasema pesa yako nyingi iende upande ule mwingine.

Upande ule kuna kitu kinaitwa BMC. Seva za kweli, hata za mtumba, huwa na kompyuta ndogo imebandikwa ndani ya bodi kuu, ina akili yake, inakula umeme hata seva ikiwa imezimwa mradi tu iko kwa soketi. Dell huita yao iDRAC, HPE huita yao iLO. Viwango vya hiyo kitu, IPMI, vilianza 1998 na Intel na wenzake. Ukiingia hapo unaweza kuwasha seva iliyozima, kusoma joto lake, na ukiwa na leseni inayofaa, kuona skrini yake kana kwamba umekaa mbele yake, hata kabla Linux haijaamka. Angalia hapo kwa leseni, kwa sababu ndipo wauzaji hunyamaza. Toleo la chini mara nyingi hukupa kuwasha na kuzima tu. Ile skrini ya mbali inalipiwa. Ukinunua seva ya mtumba, uliza leseni ni gani kabla ya kuuliza RAM ni ngapi. Na zile za zamani sana, skrini yake inataka Java ya enzi za babu, utakesha ukitafuta kivinjari kitakachokubali.

Ile ya Eldoret leseni haikuwa. Kwa hivyo nikaingia njia ya pili, kifaa cha KVM cha nje. Mimi nilitumia PiKVM, mradi wa programu huria unaokaa juu ya Raspberry Pi. Unachukua picha inayotoka kwa seva kupitia HDMI, na kwa upande wa USB kinajifanya kibodi na kipanya. Wewe unaona yote kwenye kivinjari, hata kwa simu. Kwa sababu seva ilikuwa ya VGA nilihitaji kigeuzi, na hapa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu nimeona watu wakilia Luthuli: kigeuzi cha VGA kwenda HDMI si kile cha HDMI kwenda VGA. Vinafanana kama mapacha na havifanyi kazi kinyume. Mwambie muuzaji akuonyeshe kikifanya kazi hapo dukani.

Halafu ipe hicho kifaa laini yake ya intaneti. Ukikiweka kwa ruta ileile ya duka, ruta ikifa umekufa nayo. Nilinunua modemu ya laini ya simu. Shida ni kwamba laini hizi za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya IP ya umma, huwezi tu kuipigia kutoka nje, kwa hivyo kifaa ndicho kinachotoka kuja kukutafuta, kupitia handaki la WireGuard. Nikaweka pia UPS ndogo ya ruta na modemu, zile za volti 12. Mwezi Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima usiku wa Ijumaa, wengi waligundua kwamba ruta ni kitu cha kwanza kufa na cha mwisho kukumbukwa.

Pesa ya haya yote ilitoka wapi? Niliuza laptopu.

Nilipata 78,000 kwa kijana wa chuo aliyefurahi sana, na ninamtakia mema. Nikanunua ThinkPad T480 ya mtumba kwa 32,000. Hiyo ni mashine ya 2018, nyeusi, haina sura, ukiifungua kwa mkahawa hakuna mtu atageuka. Lakini ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma ya kuchomoa, kwa hivyo unabadilisha ya nyuma bila kuzima. Inachaji kwa USB-C. Ina tundu la kebo ya mtandao kwa ubavu, ile ya kawaida, na siku utasimama mbele ya ruta iliyokataa utajua kwa nini nalitaja. Kibodi yake ni ya mtu anayeandika. Na GB 8 za RAM zinatosha, kwa sababu narudia, kazi inafanyika kule.

Najua watu wa MacBook wananiangalia. Sina ubaya nanyi. Ile Air ya M1 ya 2020 haina feni, betri yake inakaa siku nzima, terminali yake ni nzuri. Kama umepewa na shangazi, tumia kwa furaha. Lakini kuichukulia mkopo ili uandike herufi, hapana, na tundu la kebo utanunua pembeni. Tableti zile za Apple pia nimejaribu: ukitoka kwa programu ya SSH kidogo ujibu ujumbe, mfumo unailaza, ukirudi umekatwa. Mosh inasaidia hapo, na hata kwa matatu ukihama kutoka laini moja hadi nyingine, maana yenyewe haijali anwani yako ikibadilika. Chromebook za mtumba ni bei rahisi na zinaweza, ila angalia tarehe yake ya mwisho wa apdeti kabla ya kulipa, kwa sababu zipo zilizoisha zinauzwa kama mpya.

Ukienda kununua mtumba, usibebwe na muuzaji anayekuonyesha video ikicheza. Fungua mahali pa kuandika ubonyeze kila kitufe, hasa Esc, Ctrl na ile alama ya mstari uliosimama. Angalia kibodi ni ya nchi gani. Kuna za Ufaransa ambapo A iko mahali pa Q. Angalia betri imebakisha uwezo kiasi gani ikilinganishwa na ilipotoka kiwandani, mashine yenyewe inajua, iulize. Na uiinue, usikie uzito. Utabeba hiyo kitu hadi kwa harusi za watu.

Simu yako pia ni mashine ya pili, usiidharau. Termux, kibodi ndogo ya Bluetooth ya 2,500, na tmux upande wa seva ili kazi iendelee hata ukikatwa. Lakini simu iwe ya pili. Mtu anayerekebisha hifadhidata kwa kidole gumba namwogopa.

Sasa mathe. Sikumwambia. Nilijiambia nitamweleza mambo yakitulia, na mambo hayakutulia, na Jumapili moja nikaenda nyumbani na ile T480. Alikuwa anachambua sukuma. Akaiona nikiitoa kwa begi, nyeusi, ina mikwaruzo, na kibandiko cha kampuni fulani ya Uingereza hakijatoka vizuri.

"Ile kompyuta iko wapi?"

"Niliuza, mum."

Hakuinua kichwa. Aliendelea na sukuma majani kama matatu hivi. "Umebet?"

Kama humjui mathe utadhani ni swali tu. Mtoto wa shangazi yangu aliuza pikipiki ya familia kwa hiyo michezo ya bahati, na shangazi mpaka leo analipa deni la pikipiki ambayo haiko. Kwa hivyo aliponiuliza hivyo, alikuwa tayari anahesabu jinsi atakavyowaangalia wale wamama kumi na mmoja Alhamisi. Nilikaa chini. Nikamwambia yote, kuanzia y niliyobonyeza, basi, Gilgil, yule mzee na kikombe chake. Nikamwambia pia ile nusu nyingine, ya gemu. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya kuuza.

Akanyamaza sana. Halafu akasema, "Yaani umeweka funguo ya pili kwa jirani."

Yeye ana kibanda sokoni, na funguo ya pili iko kwa Mama wa viatu, kwa sababu mara moja alifungiwa nje na mayai ndani na jua linawaka. Nikamwambia ndiyo, ni hivyo. Akauliza, "Na huyo jirani unamjua?"

Wasee, nimesoma maandiko marefu ya usalama ambayo hayasemi vizuri hivyo. Hizi funguo za pili ndizo wezi wanapenda. 2013 Dan Farmer na HD Moore walionyesha vile IPMI ina matundu mengi, na maelfu ya mashine zilikuwa zimewekwa wazi kwa intaneti. 2017 ikatoka ya iLO 4: ukituma ombi lenye herufi A ishirini na tisa mahali fulani, unaingia bila nywila. A ishirini na tisa tu! HPE walitoa toleo la kurekebisha, lakini seva ya mtumba inakuja na programu aliyoiacha mwenyewe wa zamani, na huyo hakuwa na haraka. Kwa hivyo apdeti kwanza, badilisha nywila ya kiwandani, na usiweke BMC wala KVM yako wazi kwa intaneti hata siku moja. Ikae nyuma ya handaki. Ukiwa na pesa kidogo ya ziada nunua ufunguo wa USB wa usalama. SSH inazikubali tangu toleo la 8.2 la 2020, na mwizi akikuibia laptopu kwa stage hajaibiwa wateja wako pamoja nayo.

Hesabu ya mathe ilikuwa fupi kuliko yangu. Baada ya laptopu, KVM, modemu, UPS, kibodi na kigeuzi nilikuwa nimebaki na 12,700. Akazichukua zote, akazihesabu, akasema zilizobaki za mkopo nitalipa mimi, kila Alhamisi, na nitazipeleka mwenyewe mbele ya wamama. Nimepeleka. Wananiita "injinia wa mtumba". Mmoja ameniuliza kama naweza kuangalia simu ya mumewe kwa mbali, nikakataa.

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwake tena, jioni. Eldoret stima ilikuwa imepotea ikarudi, na seva haikurudi. SSH kimya, ileile niliyoizoea. Mikono ilitaka kutetemeka kwa mazoea. Nikafungua KVM kwa simu. Skrini ya seva ikatokea pale, nyeusi, maandishi meupe: saa imepotea, bonyeza F1 kuendelea. Ile betri ndogo ya bodi imekufa, mashine imesahau ni mwaka gani, na imesimama hapo tangu saa kumi na moja ikingoja mtu mmoja duniani abonyeze kitufe kimoja.

Nikabonyeza. Ikaamka.

"Umefanya nini?" mathe akauliza, anageuza ugali.

"Nimebonyeza F1."

"Na kwenda Eldoret ni pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na ugali. Asubuhi nikamtumia mzee pesa ya betri ya CR2032, zile za mviringo kama sarafu, akaibadilisha mwenyewe kabla hajafungua duka.